Kanuni ya Kumi na Tano

Borivka, Alberta
2 Juni

Shangazi Orysia,

Shikamoo, na ukishaitikia ukae kitako, maana habari hii si ya kusomwa umesimama juu ya mnara. Tangu Mungu aumbe umeme hajamuumba mtu anayeujua mtandao kama mimi. Sijisifu. Ningekuwa najisifu ningesema zaidi. Kuanzia jana hakuna kitu kinachotoka nje ya Makao ya Wazee ya Borivka bila ruhusa ya mpwa wako: si barua pepe, si picha ya mjukuu, si chafya. Jua lenyewe likitaka kuchungulia nje kupitia waifai ya pale, litapanga foleni.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita kompyuta ya Bi Verna, mkurugenzi, iliingiwa na kirusi, ikawa inatuma takataka nje mchana kutwa kwa watu isiowajua. Bi Verna akampigia Len, bosi wangu. (Bado tuko duka lilelile, kompyuta upande huu, chambo na ndoano upande ule. Mteja akiingia simjui anataka nini mpaka aseme.) Len akanituma mimi kwa sababu magoti yanamuuma, na kwa sababu mimi ni bora, ingawa hilo la pili hakulisema.

Kumbe pale kazi yote ilikuwa kuzuia vya nje visiingie. Vya ndani vilikuwa vinatoka vinavyotaka, kama ng'ombe wa Pawlyk. Nikaweka ukuta wa moto wa kweli, wenye kanuni za kutokea. Usiogope, huu hauna moshi, huna haja ya kuuripoti. Fikiria harusi ya binti wa Pawlyk pale ukumbini, Mzee Nestor amekaa mlangoni na orodha. Ukija, anaanza juu, anashuka mstari mmoja mmoja. Mstari wa kwanza unaokuhusu ndio hukumu yako, hasomi tena chini yake. Basi na mimi nina orodha. Kanuni ya kwanza: mashine ya dawa ikitaka kwenda kwa mfamasia, ipite. Ya pili: ofisi ikitaka kwenda benki, ipite. Na kadhalika mpaka ya kumi na tatu. Ya kumi na nne ndiyo tamu: yeyote ambaye hakutajwa juu, arudi alikotoka.

Len alisema, "Darcy, kabla hujafunga, sikiliza wiki mbili. Andika kila kinachotoka, nani, kwenda wapi, saa ngapi. Ndipo ufunge." Wiki mbili! Nilisikiliza Jumatatu kutwa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, nikajua yote. Wenzangu chuoni Edmonton walihitaji miaka miwili kuyajua niliyoyajua mimi kwa muhula mmoja, ndiyo maana niliondoka.

Uliniomba Aprili, helikopta ilipokuja kukupeleka mnarani kwako kutazama mioto ya misitu, nikupe habari za Babu, kwa kuwa yeye mwenyewe hatakuandikia. Babu mzima. Yuko chumba namba tisa, anakula, anawaibia wenzake kwenye karata. Jina lako bado halitaji. Mimi nikilitaja anaanza kutafuta miwani yake, na anayo usoni.

Mkono unaniuma. Watu wa zamani waliandikaje barua kila siku?

Mlinzi Mkuu wa Lango,
Darcy Hnatiuk


Mnara wa Buckhorn
14 Juni

Darcy,

Marahaba. Nimekaa kitako kama ulivyoagiza. Rubani anapakua maji na mafuta ya jiko, nina dakika ishirini, kwa hiyo usinilaumu kwa mwandiko.

Nimekuelewa kuhusu Mzee Nestor na orodha yake. Swali moja tu kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kutazama upeo wa macho kutwa: na yule ambaye hakutajwa kwa sababu hukumwona? Mimi msimu wangu wa kwanza huku niliripoti mioto mitatu ambayo ilikuwa vumbi la malori, na mmoja nikauacha nikidhani ni ukungu. Ule niliouacha ndio uliokuwa moto. Sasa natazama siku nyingi kabla sijasema kitu ni nini. Len hajawa mjinga kwa kuumwa magoti.

Kwa Babu, nashukuru. Darcy, nitakuambia jambo ambalo sijamwambia baba yako. Septemba nikishuka nataka kwenda chumba namba tisa. Miaka mitatu inatosha. Tangu maombi ya siku ya arobaini ya mama, ambayo sikuhudhuria, mimi na baba hatujasemezana. Alisema mbele ya padri na ukumbi mzima kwamba mimi najali miti kuliko mama yangu. Nilisimuliwa, na sikwenda kujieleza. Sasa sijui nikigonga mlango atafungua au atageukia ukutani. Ndiyo maana nakuuliza habari zake: si za karata, za yeye. Wewe ndiye macho yangu huko chini. Usinipunguzie wala usiniongezee.

Na uache kuniandikia vyeo.

Shangazi yako,
Orysia


Borivka
26 Juni

Shangazi,

Shikamoo tena. Vyeo siwezi kuviacha, vimenikaa.

Kwanza nikuambie watu wanavyoniheshimu sasa. Zamani nikipita ukumbini walikuwa wanasema, "Huyo mtoto wa Hnatiuk, aliyeacha chuo." Sasa nikiingia wananisimamisha. Stella wa jikoni kanishika shati: "Wewe kichwa maji, mapishi yangu yamekwenda wapi? Nilikuwa natazama keki ya asali hapa jana!" Nikamwambia, "Mama Stella, keki hiyo haikuwa kwenye orodha." Akasema, "Na wewe kesho hutakuwa kwenye orodha ya chakula." Nikaiongeza saa hiyohiyo. Nilipata sahani ya vareniki, zile sambusa zake za kuchemsha, na krimu juu yake, kwa hiyo usidhani cheo hakina faida.

Halafu Mzee Stefan wa chumba cha nne, hajaweza kucheza sataranji na ndugu yake aliyeko Winnipeg. Nikaiingiza. Dada wawili wa Romaniuk, ibada ya Jumapili. Nikaiingiza, na padri kaniombea. Kila mtu aliyekosa kitu kaja kuniomba, nami kama mfalme nasema haya, pita. Lakini sikuongeza mistari, hao wapya nimewabana ndani ya kanuni zilezile kumi na tatu za juu, nadhifu kabisa. Mtu mmoja tu hakuja kuniomba kitu, naye ni Babu. Unaona? Huyo ndiye mtu asiye na makuu.

Sasa habari zake, bila kupunguza wala kuongeza. Amekuwa kimya kidogo. Karata ameziacha, anasema Stefan ananuka vitunguu. Chakula cha jioni anakula nusu, anainuka na kile kiegemeo chake cha magurudumu, anakwenda chumbani, anafunga mlango. Baadaye anatoka nje, anasimama getini anatazama barabara ya kaskazini. Juzi kaniuliza, "Huko kaskazini kuna moto mwaka huu?" Nikamwambia, "Babu, kaskazini kuna moto kila mwaka." Akanitazama kama mimi ndiye niliyeuwasha. Jana kauliza posta huja lini, naye hajapata barua tangu enzi za farasi. Ni uzee, Shangazi. Miaka themanini na minne si mchezo.

Wako mtukufu,
Darcy


Mnara wa Buckhorn
11 Julai

Darcy,

Barua yako nimeisoma mara nne.

Babu yako si mtu wa kusimama getini. Nilikua naye. Hata ng'ombe wakichelewa kurudi hakutoka kutazama, alisema watakuja wakitaka. Ukimwona mtu wa namna hiyo amesimama, kuna kitu anakisubiri au kuna kitu anakiogopa. Na ameuliza moto. Hapa kwangu moshi upo tangu wiki iliyopita, jua linakuwa kama kiini cha yai, lakini moto wenyewe uko mbali na mimi niko salama. Mwambie hivyo, hata kama hataki kusikia. Mwambie kama unaongea na ukuta.

Sasa nisikilize vizuri. Nimezungumza na mkuu wangu kwa redio. Anaweza kunitoa hapa kabla ya wakati nikimwambia baba yangu anaumwa. Lakini nikishuka katikati ya msimu, mnara atapewa mtu mwingine na sitaupata tena, ndiyo desturi. Nina miaka kumi na moja hapa. Sitaki kushuka kwa sababu ya mzee aliyechoka na harufu ya vitunguu. Wala sitaki kubaki huku baba yangu anakwisha. Wewe utaniambia lipi ni lipi. Ndiyo maana nakuomba uache kusema uzee, uzee. Kamtazame. Kaa naye. Saa ngapi anafunga mlango? Anafanya nini mle ndani?

Nategemea jibu lako kuliko unavyojua.

Shangazi


Borivka
19 Julai

Shangazi,

Usishuke! Usipande, usishuke, usisogee! Nimeyajua yote, nimeyatengeneza yote, na ukimaliza kusoma utanitungia cheo kipya mwenyewe.

Barua yako ilinikuta Alhamisi. Nikasema haya, Shangazi anataka macho, nitampa macho. Lakini sikwenda kukaa na Babu, angenifukuza. Nilikwenda kwenye kumbukumbu za ukuta. Kila anayekataliwa mlangoni huandikwa pale: nani, kwenda wapi, saa ngapi. Nilikuwa sijazifungua tangu mwezi wa sita, maana mlinzi mzuri halali akihesabu aliowafukuza. Basi nikashuka, nikashuka, nikakuta kitu. Kishikwambi cha chumba namba tisa. Kila siku, saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano jioni, kinajaribu kutoka. Kinakataliwa. Kinajaribu tena. Mpaka saa moja. Kesho yake tena, na kesho yake, tangu jioni ya kwanza niliyofunga lango. Sikuwahi kukiona nilipokuwa nasikiliza, kwa sababu mimi saa kumi na moja nilikuwa nimeshakwenda nyumbani.

Nikatazama kinakotaka kwenda. Kuna fundi bomba mstaafu kijiji cha jirani, ana antena ndefu kuliko kuba la kanisa. Anazikamata redio za watu wa misitu na kuzimwaga kwenye mtandao, yeyote asikilize. Nikafungua ukurasa wake dukani saa kumi na mbili na nusu. Len alikuwa anauza minyoo. Mara nasikia: "Kituo, huyu ni Buckhorn. Joto ishirini na sita. Unyevu thelathini na moja. Upepo wa magharibi, kilomita kumi na mbili. Moshi, mwono kilomita nane." Shangazi, ilikuwa sauti yako! Unavyovuta ile "nane" kama unaiaga.

Babu anakusikiliza. Kila jioni, miaka yote hii pengine, amefunga mlango anasikiliza unyevu na upepo. Hajamwambia mtu. Na nilipokata hakuweza kuja kuniomba kama Stella na Stefan, kwa sababu angelazimika kusema anataka nini. Ndiyo maana anauliza moto. Ndiyo maana getini. Alidhani sauti imezimika kwako.

Sasa usiniue, nimeshatengeneza. Ijumaa asubuhi nimeingia na kuandika kanuni mpya, peke yake, ya heshima, nikaiweka chini kabisa ambapo kuna nafasi nzuri: kanuni ya kumi na tano, chumba namba tisa kwenda kwa fundi bomba, ipite siku zote. Nikabonyeza, nikahifadhi, nikafunga kompyuta, nikapiga mluzi mpaka dukani. Dakika nne! Babu sikumwambia kitu. Nikimwambia najua, atakana, na kishikwambi atakitupa bwawani.

Kwa hiyo unajua sasa. Atakufungulia mlango, Shangazi. Mtu hasikilizi unyevu wa hewa miaka mitatu kwa kupenda unyevu.

Fundi wa Mafundi, Kipenzi cha Wazee,
Darcy


Mnara wa Buckhorn
9 Agosti

Mpwa wangu,

Sikuweza kusoma barua yako mbele ya rubani. Niliipeleka juu mnarani, ngazi zote zile, nikaisomea huko.

Sishuki. Nimemwambia mkuu asahau nilichosema. Nitakuja Septemba na mguu wangu mwenyewe.

Nimefanya jambo ambalo halifanywi. Redio yetu ni ya kazi. Ukimaliza hali ya hewa unasema Buckhorn amemaliza, unaachia kitufe. Mnara mwingine unasubiri zamu. Lakini jioni ile ile, nilipokwisha kusema mwono kilomita kumi na tano, kidole kikakataa kuachia. Nikasema, "Baba, ni Orysia." Basi. Nikaachia. Kituo walidhani tu wamesikia vibaya.

Kesho yake nikasema sentensi moja nyingine. Nikaona ndivyo itakavyokuwa: sentensi moja kila jioni, fupi, kabla hawajanikata. Nilikuwa naifikiria kutwa. Nikitazama moshi naifikiria. Jioni ya pili: begi la siku ya arobaini nililifunga tangu asubuhi. Ya tatu: nilisimama kwenye uwanja wa helikopta kuanzia saa moja asubuhi nikiwa na lile gauni jeusi. Ya nne: ule moto wa kando ya mto ulianza siku hiyo na mimi ndiye niliyeuona. Ya tano: helikopta haikuweza kutua kwa moshi. Ya sita: watu arobaini na wawili walitolewa kwenye kambi ya huko mtoni kwa sababu nilikuwa hapa, na mama nilimkosa kwa sababu nilikuwa hapa, na sijui kupima. Hiyo ilikuwa ndefu, kituo wakaniambia, "Buckhorn, rudia?" Nikasema hapana.

Ya kumi ndiyo ya mwisho, kwa sababu mkuu aliniita redioni usiku huohuo. Hakunifokea. Alisema, "Orysia, nimekuacha siku kumi. Minara mingine kumi na sita inasikia. Basi sasa." Kesho yake nikarudi kwenye unyevu na upepo. Lakini nilikuwa nimemaliza, Darcy. Nilikuwa na sentensi kumi tu na nilizisema zote. Ya kumi nilimwambia asinijibu, nitakuja mwenyewe kuchukua jibu.

Sijawahi kulala vizuri kama wiki hii.

Sasa nataka kitu kimoja kutoka kwako, na ndicho nitakachoishi nacho mpaka Septemba. Uso wake. Ulikuwaje? Anakula? Alisema kitu? Hata kama alitafuta miwani tu, niandikie.

Na asante. Nilikuita kichwa maji kwa miaka. Nitatafuta jina lingine.

Shangazi yako anayekupenda,
Orysia


Borivka
16 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Babu alilia, akacheka, akaomba vareniki sahani mbili, akasema huyo ndiye binti yangu. Niliandika kurasa mbili, na ungeamini kila neno, kwa sababu naandika vizuri nikitaka. Nimeitia kwenye jiko la Len.

Barua yako ilifika Jumatano. Nikaisoma dukani, nikafurahi, nikataka kuona huo uso mimi mwenyewe, maana nilikuwa sijauona. Sikuwa nimekwenda, Shangazi. Tangu ile Ijumaa ya mwezi wa saba nilikuwa kwenye mashindano ya besiboli Vilna, halafu Len akanituma kwenye shule, halafu nilikuwa najua kimeshatengenezwa, kwa hiyo nikatazame nini? Basi Jumatano saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano nikaenda chumba namba tisa, nikafungua bila kugonga.

Amekaa kitandani na viatu miguuni. Kishikwambi magotini. Kwenye kioo kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Hakukificha hata. Akasema, "Kimeharibika tangu Juni. Wewe ndiye unayejua vitu hivi?" Nikasema ndiyo. Yeye hakusema anasikiliza nini, nami sikuuliza.

Nikakimbia ofisini kwa Bi Verna, nikafungua orodha. Unakumbuka nilivyokueleza Mzee Nestor? Anaanza juu, anashuka, mstari wa kwanza unaokuhusu ndio hukumu, hasomi tena chini yake. Kanuni ya kumi na nne: yeyote ambaye hakutajwa, arudi. Na chini yake, nadhifu, kwa heshima, kanuni ya kumi na tano. Ya Babu. Hakuna aliyewahi kuifikia. Mlinzi alikuwa ameshamrudisha mstari mmoja juu. Mtoto wa muhula mmoja anajua hilo. Mimi nilikueleza hilo wewe, kwa mwandiko wangu, Juni!

Na tena sauti haiji yenyewe. Lazima kwanza kitu kitoke kwenda kuiita. Nilimzuia anayekwenda kuita.

Nikaivuta juu, ikawa ya kwanza kabisa, juu ya mashine ya dawa. Sekunde mbili. Nikarudi mbio. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu kasoro dakika moja. Kiduara kikaacha kuzunguka. Ukapita Mnara wa Hart, akapita sijui nani, halafu wewe. Joto kumi na tisa. Unyevu hamsini na nne. Upepo hakuna. Mwono kilomita arobaini. Buckhorn amemaliza.

Uliniuliza uso. Basi huu hapa, huu niliuona kwa macho yangu. Uliposema joto alifumba macho. Uliposema unyevu akawa anatikisa kichwa kama mtu anayesikia nyimbo za kanisani. Uliposema mwono kilomita arobaini akasema kwa sauti ndogo, "Moshi umekwisha." Mkono wake ulikuwa umeshika blanketi, ukaliachia. Alikula sahani nzima jioni ile, Stella ni shahidi, na keki ya asali. Hilo ni kweli na hilo ni lako.

Ningeishia hapo. Lakini mdomo wangu unaujua. Nikaona amelainika, nikataka kumpa zaidi, nikataka na mimi nionekane nimeleta kitu. Nikasema, "Babu, anajua unamsikiliza." Akanitazama. "Nani kamwambia?" Nikasema mimi. Akasema, "Lini?" Nikasema mwezi uliopita. Hakukasirika. Akakitazama kishikwambi, mnara mwingine ulikuwa unaongea. Akasema, "Anajua ninasikiliza. Mwezi mzima." Halafu akasema, "Na hana neno la kuniambia?"

Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, Shangazi. Sentensi saba nilikuwa nazo pale, kwa mkono wako. Ningeitoa. Lakini kuitoa ni kusema ulisema jioni kumi, na minara kumi na sita ikasikia, na kituo, na fundi bomba, na kila mpita njia mwenye kishikwambi, isipokuwa yeye, na ni kwa sababu yangu mimi. Nikasema, "Nadhani hairuhusiwi, Babu." Akasema, "Ndiyo. Bila shaka hairuhusiwi." Akatafuta miwani yake.

Tangu siku ile nimekwenda kila jioni. Anasikiliza mpaka "Buckhorn amemaliza," halafu hazimi. Anaongeza sauti. Minara yote inapita, mmoja mmoja, na yeye ameinamisha sikio, mpaka saa moja, kama kuna kitu kitasahaulika mwishoni. Jana alivaa shati safi.

Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu wewe uko mbali. Nikitia sahihi hapa naipeleka posta, halafu naingia chumba namba tisa na barua yako, nimsomee zile saba, na zile tatu ulizozificha nimwambie zipo na zilisemwa. Huenda akanifukuza. Sawa. Septemba ukishuka utasema zote tena, na ukitaka kunichapa nitasimama.

Kanuni kuiweka chini ni kosa la mkono, hata Len amewahi, kaniambia. Na kutosikiliza wiki mbili ni kiburi, nacho unakijua. Si hayo, Shangazi. Aliniuliza kama una neno la kumwambia, neno lako likiwa mfukoni mwangu, na mimi nikamwambia hairuhusiwi.

Darcy